Kugonga Mzinga

Tabora, chumba namba tisa, dirisha linatazama reli.
Dada Kalunde anasema: vua chini tu, blauzi baki nayo.
Kitanda kimetandikwa karatasi inayonong'ona
kila nikijigeuza.
Nalala ubavu, magoti kifuani,
kama mtoto ambaye hajaamua kuzaliwa.

Waya mwekundu hapa, mweusi pale,
wa kijani pajani. "Huo ni wa ardhi," anasema,
nami nacheka kidogo: kumbe hata umeme una kwao.

Kucheka kidogo ndiko ninakokuweza.
Siku tatu za uchungu kule Kitunda,
mkokoteni, pikipiki, kisha gari la watu wa tumbaku.
Mtoto hakulia.
Tundu walilishona, likashika,
daktari akalitazama kama fundi anavyotazama mlango wake.
Lakini mkojo bado hauniombi ruhusa.
Nikikohoa, nimelowa. Nikiinua ndoo, nimelowa.
Harusini nimejifunza kucheka kwa macho.

Nyama imepona, walisema.
Swali limebaki kwenye neva:
ujumbe unafika, au unaishia njiani?

Kwanza cheche,
kama siafu aliyekosea njia. Naruka.
"Vizuri," anasema, anaandika namba.
Sijawahi kusifiwa kwa kuruka.

Kisha sindano, nyembamba kuliko mwiba wa mgunga,
pale ambapo hata mkunga alipita haraka.
Pumua.
Nimepumua.
"Sasa kaza. Kaza kama umo ndani ya basi la Mpanda
na dereva amekataa kusimama."

Upande wa kulia, spika inaitika papo hapo:
ta-ta-ta-ta-ta, bisi zinaruka sufuriani.
Upande wa kushoto
kimya.

Baba alikuwa na mizinga thelathini porini Ipole.
Usipande mninga bure, alinifundisha.
Gonga kwa fito ndefu, kisha weka sikio kwenye shina.
Ukisikia vuuu, wamo.
Usiposikia, usiseme wamehama;
asubuhi ya baridi nyuki nao wana uvivu.
Gonga tena, chini kidogo.

"Tena," anasema Kalunde, na kusogeza sindano
kiasi cha punje ya ulezi. "Kaza."

Tu.

Nilidhani ni mlango.

Tu. Tu.
Milio mizito, michache,
mchi wa jirani kwenye kinu, ukuta wa pili.

Ananigeuzia kioo: kilima kimoja kirefu, kisha tambarare, kisha kilima.
"Zilizokufa zimekufa," anasema, hanifichi.
"Lakini hii iliyosalia imechipua.
Imeziendea nyuzi za wenzake zilizoachwa,
imezichukua. Sasa moja inaamrisha nyingi,
ndiyo maana sauti imekuwa nene."

Namwelewa kuliko anavyodhani.
Nyumbani wapo watatu wa marehemu dada:
Misoji, Shija, na yule mdogo tunayemwita Ng'wana.
Hakuna aliyepita kwangu.
Nikiita mmoja, wanaitika wote.

"Nitapona?"
Anapangusa sindano ambayo ataitupa hata hivyo.
"Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.
Rudi Novemba, tugonge tena."
Sikumwambia habari za mizinga.
Neno hilo amelitoa mwenyewe.

Navaa. Karatasi ya kitandani imelowa,
doa la ukubwa wa kiganja; naikunja upesi asiione.
Ameiona.
Anakanyaga pipa, kifuniko kinafunguka,
ananisubiri huku akitazama kalenda.

Nje, treni ya mizigo inajikokota kuelekea Kigoma.
Nasimama kando ya reli na bahasha yangu ya namba.
Nakaza.
Behewa la kwanza, la pili, la tatu.
Kwenye la tano natetemeka. La sita.
Achia, najiambia.
Nakaza tena, chini kidogo.